Mashua ya Ziwa Kuingia Baharini: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Nairobi

Kisa hiki kinahusu mashua moja ya tanga iliyotayarishwa katika karakana jijini Nairobi ili ishuliwe, yaani ishushwe majini, Kilifi kabla ya pepo za kaskazi kushika. Ni mashua ya faibaglasi yenye urefu wa futi 22, ina mkuku, yaani ubapa wa chini ya chombo, unaoinuliwa kwa winchi ya mkono, vitanda vinne, jiko dogo la gesi, na injini ya petroli ya nguvu farasi 8 inayofungwa kwa nje, kwenye tezi, yaani nyuma ya chombo. Ikiwa juu ya trela yake, uzito wote unakaribia tani mbili. Mwenyewe ni mfanyakazi wa jijini anayeishi Lang'ata na mkewe na watoto. Kwa miaka kadhaa aliiendesha katika Ziwa Naivasha, hadi maji ya ziwa yalipopanda sana mwaka 2020 na kufunika sehemu kubwa za ufuo, pamoja na pale alipokuwa akiishushia. Aliivuta hadi Nairobi, akaifunika turubai, na tangu hapo haikugusa maji.

Alipoamua kuipeleka pwani, alinijia na orodha ya matayarisho aliyoitumia miaka yote ya Naivasha, akaniomba niipitie na nisimamie kazi yenyewe. Orodha hiyo ilikuwa nzuri, na fundi aliyekuwa akimhudumia kule ziwani alikuwa hodari. Hilo lilionekana katika kila nati aliyoifunga. Tatizo ni kwamba yote mawili, orodha na kazi ya fundi, yalilenga maji yasiyo na chumvi, yasiyojaa wala kupwa, yaliyo karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Karibu kila jambo lililokuwa sahihi kwa ziwa lile liligeuka kuwa kasoro mara tu chombo kilipoelekezwa baharini. Kasoro za namna hii ni ngumu kuziona kuliko uchakavu, kwa sababu kifaa chenyewe ni kizima, kinafanya kazi, na kimefungwa na mtu aliyejua alichokuwa akikifanya.

Nianze na injini. Ilipowashwa ndani ya pipa la maji uani, iliitika kwa mvuto wa pili wa kamba, ikanguruma sawasawa, na maji ya kuipoza yakatoka kwa nguvu kwenye kitundu chake. Kwa orodha ya kawaida, kazi hiyo ingehesabiwa kuwa imekwisha. Lakini daftari la fundi wa ziwani lilikuwa na mstari mmoja uliosema kwamba jeti kuu ya kabureta iliondolewa na nyingine ndogo kuwekwa mahali pake, na mstari huo ulitosha kusimamisha shughuli nyingine zote za siku hiyo.

Sababu yake inafaa kuelezwa kwa kirefu. Jeti ni kipande kidogo cha shaba chenye tundu jembamba linalopima petroli inayokwenda kuchanganyika na hewa. Nairobi iko karibu mita 1,795 juu ya usawa wa bahari na Naivasha iko juu zaidi kidogo. Katika miinuko hiyo mgandamizo wa hewa ni asilimia 80 hivi ya ule wa ufukweni. Kwa hiyo injini inavuta hewa pungufu, ilhali jeti ya kiwandani inaendelea kuimiminia petroli nyingi kupita inavyohitaji. Dalili zake ni moshi mweusi, plagi zenye masizi, na nguvu inayofifia. Fundi wa Naivasha aliitibu hali hiyo ipasavyo, akapunguza petroli ili ilingane na hewa iliyopo. Injini hiyo hiyo ikishushwa hadi Kilifi inakuta hewa nzito huku petroli ikibaki ile ile kidogo. Mchanganyiko unakuwa mkavu, na mchanganyiko mkavu huwaka kwa joto kupita kiasi. Dakika za mwanzo mwendeshaji hatambui lolote, na huenda akaufurahia wepesi wa mwitikio wake. Injini ikishatumikishwa kwa nguvu zake zote kwa muda, kwa mfano inapopambana na mkondo wa maji yanayopwa kwenye mdomo wa hori, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, kichwa cha pistoni kinaweza kuyeyuka au kutoboka, na hilo litatokea wakati ambapo miamba iko karibu na injini ndiyo tegemeo.

Hakuna jaribio la pipa linaloweza kuifichua kasoro hiyo likifanyiwa Nairobi, kwa kuwa Nairobi nayo iko juu. Kadiri injini ilivyoimba vizuri katika ua ule, ndivyo ilivyothibitisha kwamba haijarekebishwa kwa ajili ya bahari. Tuliagiza jeti ya ukubwa wa kiwandani kwa kutumia namba ya injini yenyewe. Tuliibadilisha pia rafadha, kile kipande chenye mapanga kinachosukuma chombo, maana iliyokuwapo ilikuwa na mapanga yenye mwinamo mdogo ili injini iliyopungukiwa nguvu iweze kufikia mizunguko yake. Usawa wa bahari rafadha hiyo ingeiachia izunguke kupita kiwango. Baada ya mabadiliko hayo injini ilianza kukohoa na kutoa moshi pale uani, na mwenye mashua akaingiwa na wasiwasi. Nilimweleza kwamba moshi huo ulikuwa habari njema. Kipimo cha kweli kiliwekwa kifanyike Kilifi: baada ya saa moja ya kwanza ya mwendo wa kiasi, plagi ifunguliwe, na rangi yake iwe ya kahawia hafifu, ikiwa nyeupe, injini isiongezewe mwendo hata kidogo mpaka chanzo kijulikane.

Impela ya pampu ya maji tuliibadilisha bila mjadala, ingawa ilikuwa ikisukuma maji vizuri. Ni gurudumu dogo la mpira ambalo mbawa zake hukunjwa muda wote ndani ya nyumba yake, na mpira uliokunjwa pasipo kusogea kwa miaka hupoteza uhai. Petroli ya zamani ilimwagwa yote na tangi likasuuzwa.

Baada ya injini tuligeukia metali, na hapo somo lilikuwa lile lile. Kwenye mguu wa injini na kwenye bamba la mkuku kulikuwa na anodi, yaani vipande vya metali laini vinavyowekwa makusudi ili vilike badala ya metali za chombo. Anodi za mashua hii zilikuwa za magnesi, tena zikiwa nzima. Magnesi ndiyo inayofaa katika maji yasiyo na chumvi, kwa kuwa maji hayo hupitisha umeme kwa shida na anodi dhaifu ingekaa bure. Maji ya bahari hupitisha umeme kwa wepesi mkubwa. Ndani yake magnesi huliwa kwa kasi, na baada ya wiki chache mguu wa alumini wa injini unabaki bila mlinzi huku mwenyewe akiamini kwamba aliweka anodi mpya msimu huo huo. Baharini hutumiwa anodi za zinki au za alumini. Tulichagua za alumini kwa sababu zinafaa pia kwenye maji ya chumvi kidogo, kama yale ya ndani ya hori wakati wa mvua. Jambo dogo ambalo hupuuzwa sana ni kwamba anodi haipakwi rangi kamwe, na pale inapogusana na metali inayolindwa panapaswa kukwaruzwa mpaka pang'ae, vinginevyo kazi yake haifanyiki.

Kasoro nyingine ilikuwa chini ya sinki. Tundu la kutolea maji linalopita kwenye ganda la mashua, chini ya mstari wa maji, lilikuwa limefungwa vali ya kawaida ya nyumbani, ile yenye gurudumu dogo jekundu inayouzwa katika kila duka la vifaa vya ujenzi. Ilifunguka na kufunga vizuri, na ziwani ingeweza kudumu miaka mingi. Vali za namna hiyo hutengenezwa kwa shaba nyeupe, ambayo ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na maji ya bahari huifyonza zinki hiyo polepole mpaka kinachobaki ni shaba yenye vinyweleo, yenye rangi inayoelekea waridi, isiyo na nguvu ya kuhimili hata mkono wa mtu anayeifunga. Siku inapokatika, tundu linabaki wazi na mashua inajaa. Tuliiondoa, tukaweka koki ya plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi, iliyotengenezwa mahususi kwa vyombo vya baharini, na kando yake tukafunga kwa uzi kizibo cha mti laini kilichochongwa kwa kipimo cha tundu hilo. Kizibo kama hicho ni cha bei ndogo, nami sikubali chombo chochote kishuliwe bila kuwa nacho karibu na kila tundu.

Kuhusu rangi ya chini sitakaa sana. Mashua za mbao za pwani yetu hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya wanyama, na mabaharia huirudia kazi hiyo kila baada ya muda kwa kuwa wanajua bahari haiachi kitu kitupu bila kukivamia. Ganda la faibaglasi nalo huvamiwa. Rangi ya ziwani ilikuwa ngumu na laini kwa kugusa, lakini haikuwa na shaba ndani yake, na mashua isiyolindwa katika maji ya joto ya Kilifi huota ukoga na vijidudu vya gamba katika muda mfupi. Tulipiga msasa tukiwa tumeulowesha maji, maana vumbi la rangi za zamani ni sumu kwa mapafu, kisha tukapaka rangi yenye shaba mikono miwili, na mkono wa tatu kwenye mstari wa maji. Mguu wa injini ulitengwa kabisa na rangi hiyo, kwani shaba ikikaa juu ya alumini ndani ya maji ya chumvi huila alumini. Mashua ilisogezwa juu ya vitegemeo vya trela ili sehemu zilizokuwa zimefichika zipakwe pia, na mkono wa mwisho uliachwa hadi siku za mwisho kabla ya safari, kwa sababu rangi za aina hii zina ukomo wa muda zinaoweza kukaa nje ya maji bila kupoteza makali, na ukomo huo umeandikwa kwenye kopo.

Mlingoti uliinuliwa palepale karakanani, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna waya wa umeme popote ambapo ungeweza kuangukia. Mlingoti wa alumini ukigusa waya humuua anayeushika. Nyaya za chuma cha pua zinazoushikilia tulizipitia kwa kitambaa laini kutoka juu hadi chini, kwa kuwa uzi mmoja uliokatika hunasa kitambaa hata kama jicho haliuoni. Nyaya zenyewe zilikuwa salama. Vishikio vya ncha za chini tulivipaka rangi nyekundu ya kupenya, ile inayotumiwa na mafundi wa mitambo wa Industrial Area kutafutia nyufa, na baada ya kuifuta na kupuliza unga mweupe, kishikio kimoja cha upande wa kushoto kilionyesha mstari mwembamba mwekundu. Ulikuwa ufa. Waya huo ulibadilishwa pamoja na mwenzake wa upande wa pili, na nyingine zilikubaliwa kwa msimu mmoja tu.

Nanga ndiyo iliyozua ubishi mkubwa kati yangu na mwenye mashua, na ubishi huo ulikuwa wa haki. Alikuwa na nanga nzuri, mnyororo wa mita 2 na kamba ya mita 25, na kwa miaka yote ya Naivasha haikuwahi kuteleza. Alisema, kwa mantiki inayoeleweka, kwamba angetia nanga kwenye kina cha mita 4 kama alivyozoea. Lakini Kilifi mita 4 za maji yaliyopwa wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, huwa mita 7 maji yakijaa, kwani tofauti kati ya kujaa na kupwa katika siku hizo hupita mita 3 kwenye pwani ya Kenya. Ukiongeza urefu wa omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, kutoka majini, takriban sentimita 80, na kuzidisha mara 5 ili nanga ivutwe kwa ulalo na kushika, unapata karibu mita 39. Kamba aliyokuwa nayo ingeinyanyua nanga kutoka mchangani saa za usiku, maji yakiwa yamejaa na watu wamelala. Hesabu hiyo ina upande wake wa pili pia: anayetia nanga maji yakiwa yamejaa mahali penye kina cha mita 3 atapwelewa kabla ya chakula cha jioni. Tulinunua mnyororo wa mita 10 na kamba ya nailoni ya mita 40. Urefu wa mnyororo haukuwa wa anasa. Kamba tupu ikisuguana na mwamba wa matumbawe hukatika katika usiku mmoja.

Kazi nyingine zilikwenda bila tukio. Mpira wa gesi ulibadilishwa na mtungi ukahamishiwa kwenye sanduku lenye tundu la kutolea hewa nje, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya chombo. Jaketi za kuokolea maisha zilijazwa hewa na kuachwa usiku mzima. Moja ilinywea ikatupwa. Fataki za kuomba msaada zilikuwa zimepitwa na tarehe. Redio ya VHF ilijaribiwa, na kila mwanafamilia, hata mtoto wa mwisho, alifundishwa kwamba wito wa dharura hupitia chaneli ya 16. Leseni na ukaguzi wa chombo viko chini ya Mamlaka ya Ubaharia nchini, KMA, na barua zilianza kuandikwa mapema, kwa sababu karatasi zina mwendo wake.

Sasa nifike kwenye suala la tarehe, ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko yote yaliyotangulia. Mwenye mashua alikuwa amepanga kuishua Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufungwa. Kwa mtu wa Nairobi hesabu hiyo haina dosari: watoto wako nyumbani, ruhusa ya kazini imepatikana, na gari lipo. Ziwani ingefaa, maana ziwa liko pale pale asubuhi na jioni. Kabla hatujaifunga tarehe, tulimpigia simu nahodha mmoja mzee wa Takaungu ambaye alikuwa amekubali kutupokea. Baada ya shikamoo na marahaba, mwenye mashua alimtajia siku yake.

“Mwanangu, hiyo ni siku ya maji mafu,” mzee alisema. “Mteremko wenyewe uko mkavu mpaka chini. Utaishusha juu ya matope?”

“Basi tuje lini, mzee?”

“Njooni mwezi ukikaribia kuandama. Si siku ya maji makubwa yenyewe, kabla yake.”

Maneno hayo yalikuwa na elimu yote iliyohitajika. Wakati wa bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, maji ya pwani yetu hujaa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri. Wakati wa maji mafu hujaa karibu na saa nne au saa tano, lakini kimo chake huwa pungufu kwa takriban mita 1. Mteremko wa zege tuliokuwa tuutumie ulishuka mita 1 kwa kila mita 8 za urefu, kwa hiyo upungufu wa mita 1 ya maji ulimaanisha kurudi chini mita 8 zaidi, na mita 8 hizo za mwisho zilikuwa zimevunjika na kufunikwa ukoga. Trela ingeteremka hapo na isingepanda tena.

Kwa nini basi tusichague siku ya maji makubwa kabisa? Kwa sababu siku hiyo ikipita, maji ya kila siku inayofuata hujaa pungufu kuliko ya siku iliyotangulia. Chombo kikikwama kwenye kilele cha bamvua, huenda kikasubiri wiki mbili kabla ya maji ya kimo hicho kurudi. Kikikwama siku tatu kabla ya kilele, maji ya kesho yatakuwa marefu zaidi na yatakiinua. Vivyo hivyo ndani ya siku moja: kazi huanza maji yakiendelea kujaa, saa moja au mbili kabla ya kufika ukomo, na si baada yake. Tulichukua jedwali la maji la Halmashauri ya Bandari za Kenya, tukachagua siku ya tatu kabla ya kilele, ambapo maji yangejaa karibu na saa saba unusu mchana, mwanga ukiwa mwingi. Kutoka siku hiyo tulihesabu kurudi nyuma: siku mbili za safari na mapumziko, rangi ya mwisho kabla yake, koki na gundi yake kukauka kabla ya rangi, jeti na rafadha kuagizwa kabla ya yote. Mwenye mashua aliisogeza ruhusa yake ya kazini kwa siku tano. Lilikuwa jambo gumu kwake, na alilifanya.

Kipindi hicho kiliangukia kwenye maleleji, pepo zinapogeuka kutoka kusi kwenda kaskazi na kuwa hafifu, jambo lililoifaa familia isiyojua bado mawimbi ya bahari. Kaskazi kamili huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, nayo mchana huongezeka nguvu ikishirikiana na upepo wa kawaida wa kutoka baharini. Safari ya Lamu waliyoiota ilibidi iahirishwe kwa sababu hiyo, kwani kwenda Lamu mwezi Januari ni kuukabili upepo kwa omo njia nzima. Watamu, iliyo karibu maili 20 za bahari, ilibaki kwenye mpango, kwa sharti la kuondoka alfajiri.

Kushuka kwa barabara kulikuwa zaidi ya kilomita 500. Trela ilikuwa na namba yake yenyewe, ile inayoanza na herufi Z, na taa zake zilifanya kazi. Matairi yalibadilishwa ingawa kashata zake zilikuwa nzima. Tarakimu nne zilizochapwa ubavuni zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa zilisema ukweli wote. Beringi ziliondolewa, zikaoshwa na kujazwa grisi mpya, na katika kila kituo, Emali, Mtito Andei na Voi, dereva alizigusa kwa mgongo wa mkono. Gurudumu la kulia lilikuwa na joto kidogo kuliko la kushoto pale Emali, nati yake ikalegezwa robo mzunguko, na baada ya hapo yalilingana. Kutoka Mariakani walipita Kaloleni hadi Mavueni, wakauepuka msongamano wa Mombasa. Walifika jioni na hawakuishusha siku hiyo, maana beringi zenye moto zikizamishwa kwenye maji baridi hufyonza maji ndani, na maji ya chumvi ndani ya beringi huimaliza trela kabla ya safari ya kurudi.

Siku ya pili, baada ya plagi ya taa za trela kuchomolewa na kizibo cha ngama kukaguliwa na watu wawili, trela ilirudishwa majini saa sita mchana, mashua ikiwa bado imefungwa kwenye winchi. Kanuni niliyoisisitiza ilikuwa kwamba isifunguliwe mpaka mtu akae ndani na tochi kwa robo saa, akiangalia kila tundu na kila bolti ikiwa ndani ya maji. Koki mpya ilikuwa kavu. Bolti ambayo mkuku huzungukia ilikuwa ikidondosha tone moja kila baada ya sekunde chache.

Zamani mtu wa Nairobi angeweza kuligundua tone hilo bila kutoka jijini. Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953, lilikuwa na mashua za tanga kwa miaka mingi. Leo limezibwa na magugu na majitaka, na hiyo ni hasara ambayo jiji letu halijaililia ipasavyo. Bomba la maji uani lilikuwa limetuonyesha kwamba juu hakuvuji, lakini halina uzito wa kusukuma maji kupitia mpira uliokauka wa kuziba bolti ya mkuku.

Watu waliokuwa ufukoni walishauri mashua iachiwe tu, kwa kuwa tone ni dogo na mpira utavimba wenyewe. Pengine ungevimba. Nahodha mzee hakukubali, na mwenye mashua hakuhitaji kubishana, kwa sababu tarehe ilikuwa imechaguliwa kwa ajili ya hali kama hiyo hasa. Waliivuta juu maji yakiwa bado yanajaa, wakaifungua bolti, wakakuta mpira umepasuka nusu ya mzunguko wake, wakanunua karatasi ya mpira mjini Kilifi na kukata mwingine. Siku iliyofuata maji yalijaa dakika 50 hivi baadaye na yakapanda juu zaidi kuliko ya jana. Mashua iliwekwa majini, ikakaa robo saa nyingine kwenye winchi, ngama ikabaki kavu, ndipo ikaachiwa ielee. Mkuku ulishushwa kwenye kina cha kutosha, injini ikawashwa, na baada ya saa moja ya mwendo wa taratibu ndani ya hori plagi ilipofunguliwa ilikuwa na rangi ya kahawia hafifu.

Yaliyobaki ni ya ufuatiliaji. Anodi zitapimwa kwa mizani kila mwezi, kwa kuwa uzito wake wa mwanzo uliandikwa, na ikipungua nusu kabla ya msimu kwisha itabidi waya za betri zichunguzwe kama zinavujisha umeme majini. Injini inasuuzwa kwa maji yasiyo na chumvi kila jioni. Mashua itatolewa mwishoni mwa Machi, kabla ya kusi na mvua za masika, nayo itatolewa bamvua likiendelea kukua, kama ilivyoshuliwa. Nyaya za mlingoti zilizokubaliwa kwa msimu mmoja zitabadilishwa zote wakati huo, hata zikionekana nzima.